Maiti wa Maramba ni Mzima

Maramba, Jimbo la Tanga
Jumatano, mwezi wa saba, 1956

Kwako Mama Tadei,

Mimi ni mzima. Naliweka neno hilo mbele ya salamu, na najua si adabu, lakini nataka uanze nalo. Mwalimu Benedikto, wewe unayemsomea mke wangu barua hii, tafadhali rudia: Fidelisi ni mzima, anakula, anafanya kazi, hana hata homa. Msomee mara mbili, ndipo uendelee.

Sasa salamu. Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, mke wangu? Tadei hajambo? Kile kikohozi cha masika kimemwacha? Na mama, miguu yake inaendeleaje? Mahindi mmemaliza kuvuna? Nauliza haraka haraka kama mtu anayekimbizwa, nisamehe. Tangu juzi sikai mahali. Nikiketi nasimama, nikisimama natoka, nikitoka nakumbuka barua sijaimaliza, narudi ndani. Hii ni karatasi ya tatu, mbili za kwanza nimezichana.

Swali ninalotaka jibu lake hasa ni moja: Kosmas amefika? Yule Kosmas mtoto wa mhunzi, aliyekuwa nami huku mkongeni na mkataba wake umekwisha. Kama hajafika, Mungu ashukuriwe, karatasi imemshinda mbio. Akitokea huko analia, mkalisheni, mpeni maji, msomeeni haya. Lakini kama ameitangulia karatasi hii, basi najua mlivyo saa hii, na ndiyo maana mwandiko wangu umeharibika. Umenyoa nywele, Mama Tadei? Kama bado, usinyoe. Kama umenyoa, hayo yamepita, zitaota, ila vua nguo za msiba leo hii hii, Mwalimu akiwa bado anasoma.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukisikia nusu utazidi kuchanganyikiwa.

Hapa Maramba kuna mwalimu wa shule anaitwa Mwalimu Hatibu, mtu wa Usagara, mjini Tanga. Ni mtu mwembamba, mpole, lakini akishapata wazo hashikiki. Mwaka huu wazo lake ni msimu wa michezo ya kuigiza. Jumamosi nne, mahali pane: kwanza hapa Maramba, halafu shambani kwetu kwenye mkonge, halafu Nguvumali, na ya mwisho kwao Usagara. Anataka watu wa kambi na watu wa mji wakae benchi moja wayaone mambo yao wenyewe. Malipo hakuna, kila mtu anajitolea. Alinifuata mimi kwa sababu najua kusoma, na kwa sababu kazi yangu ni ya brashi, kwenye ile mashine ya kusugua nyuzi za mkonge, na hapo makabila yote yanapita.

"Fidelisi bwana," aliniambia, "wewe niletee watu. Maneno nitaleta mimi."

Nikakubali. Nilifikiri ni jambo la siku mbili. Mke wangu, nimebeba mafungu ya mkonge mvua inanyesha, nimelala lorini siku sita kuja huku, lakini kutafuta watu wa kujitolea kumenichosha kuliko hayo yote. Kosa la kwanza, nilikwenda kambini na daftari na kalamu. Wewe hukuona tulivyoletwa huku: unaandikwa jina, unapewa namba, unapandishwa lori. Sasa mtu wa namna hiyo akimwona mwenzake anapita milangoni na daftari, anakumbuka ghafla ana kuni za kupasua. Mzee mmoja wa Kimakonde hakuondoka, alinitazama tu. "Jina langu liliandikwa mara moja likanileta hapa," akasema. "Hili la pili litanipeleka wapi?" Daftari nikaliacha chumbani, nikawa nawaweka watu kichwani.

Kosa la pili lilinipata sokoni. Mwalimu Hatibu alisema mchezo bila wanawake haunogi, akanituma kwa Bi Mwanasha, muuza vitumbua, mzaliwa wa Nguvumali, mama mwenye mabinti wanne na kauli kali. Nikapanga maneno yangu njia nzima. Nilipofika nikasema, "Shikamoo, bibi. Nimekuja kukuomba niwacheze mabinti zako, Jumamosi, mbele ya watu wote."

Nilitaka kusema niwaigizishe. Kumbe huku pwani kumcheza binti ni ile kazi ya makungwi, kumfunda mwali ndani, wanawake watupu, na mwanamume hata kupita karibu hapiti. Bi Mwanasha akaweka upawa chini.

"Uwacheze wewe?" akaniuliza. "Na masharubu yako hayo? Tangu lini wanaume mmekuwa makungwi?"

Wanawake waliokuwa wanangoja vitumbua walicheka hata mmoja akakaa chini. Mimi nilisimama pale najifuta jasho. Nilipopata nafasi ya kujieleza, yule mama akanitazama kwa huruma. "Mabinti zangu hawaendi popote," akasema. "Nitakuja mwenyewe. Mtu anayejikosea hivi mchana kweupe, mchezo wake siukosi." Ndivyo tulivyompata. Shika jina lake hilo, Mama Tadei, kwa sababu Kosmas atakuja nalo, na atakuja nalo vibaya. Bi Mwanasha ana wajukuu. Ni sawa na mama yangu mdogo.

Baada ya wiki tatu nilikuwa na watu kumi, na mchezo unataka kumi na mmoja. Habari yenyewe ni ya baba mmoja aliyefariki, na watoto wake wawili wanagombea shamba kabla hata hajazikwa. Huyo baba analala kitandani amefunikwa shuka tangu mwanzo mpaka katikati. Hana neno hata moja la kusema. Nikadhani hiyo ndiyo nafasi itakayogombewa na wavivu wote wa kambi. Hakuna aliyeitaka. Kila niliyemwambia alinijibu neno moja, uchuro. Kujilaza maiti na wewe mzima ni kujiitia. Mdigo mmoja, mtu wa mzaha kila siku, siku hiyo hakucheka. "Nijilaze, halafu mke wangu apite anililie," akasema, "chozi lile nitalirudisha vipi?" Nikazunguka siku nne nauliza watu, nani atanifia, nani atanifia, hata wakaanza kunikwepa njiani.

Mimi nilijiona mtu wa misheni, mambo ya uchuro siyaamini. Nikamwambia Mwalimu Hatibu nitalala mwenyewe. Nilisema kwa majivuno, na sasa najuta.

Basi Jumamosi iliyopita, alasiri, watu wakajaa mbele ya shule. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa. Mimi nikalazwa, nikafunikwa shuka jeupe mpaka kichwani, na wewe unajua urefu wangu: miguu ikabaki nje. Mwalimu Hatibu akaniinamia. "Usitikisike," akasema. "Hata ukiumwa na mdudu."

Bi Mwanasha akaanza kulia kama mjane. Alilia vizuri. Hapo ndipo alipopanda jukwaani mtu ambaye hatukumwita wala hakuwa kati ya wale kumi. Ni Mgaya, Mbena tunayefanya naye kazi ya brashi. Sihitaji kukwambia wewe Wabena ni nani kwetu. Ni watani, na mtani akiona Mngoni amelazwa chini ya shuka, mwili wenyewe unamwinua, hajali kama ni mchezo. Alijipaka majivu usoni, amevaa koti kinyume. Akajilaza kando yangu akanisukuma kwa makalio. "Sogea, Mngoni," akasema, "hata kufa unataka kitanda kizima." Kisha akasimama akalia kwa sauti, na hakumlilia yule baba wa mchezo. Alinililia mimi kwa jina langu. "Fidelisi wa Songea amekufa. Ugali wa kambi nani atamaliza?" Wabena wengine wakapanda, wanataka kunipima urefu kwa fito, wanasema shimo litakuwa refu mno, nikatwe. Na Bi Mwanasha, mwepesi wa kudaka, akaliacha jina la kwenye karatasi akanishika kifua: "Fidelisi mume wangu, umeniachia nani?"

Watu walicheka, na wengine walilia. Mwalimu Hatibu aliniambia baadaye kwamba alitaka kuwafukuza, halafu akatazama uso mmoja mmoja wa wale watu, akayakunja makaratasi yake akayatia mfukoni.

Katikati ya kelele hizo mtu alinishika kidole gumba cha mguu. Mkono ulikuwa mgumu, na ulitulizana pale, haukuwa na mzaha. Nikasikia Salamu Maria kwa Kingoni, ya haraka, nusu inasikika nusu haisikiki. Nikasema moyoni, hawa Wabena wamezidi, sasa wanatuiga hata kusali. Nikabana pumzi nisicheke. Nilijikaza, Mama Tadei. Nililala kama gogo mpaka mkono ule ukaniachia.

Mchezo ulipokwisha walinibeba juu. Walisema hawajaona maiti aliyelala vizuri hivyo, na mimi nilifurahi. Jumamosi yote na Jumapili yote nilitembea Maramba nasifiwa kwa kufa.

Jumatatu asubuhi, kazini, Mgaya akaniambia kwa kicheko kwamba Kosmas wetu alikuwepo. Lori la wanaorudi makwao lilisimama sokoni, akasikia kilio, akaja mbio. Alimshika Mgaya mkono akamuuliza, "Ni kweli?" Na Mgaya akamjibu, "Kweli kabisa, ameshiba ugali akapasuka." Akacheka, akidhani Kosmas anajua kama watu wote walivyojua, kumbe yeye alikaa kambi nyingine, habari za mchezo hazikumfikia.

Mimi sikucheka. Wewe unaelewa kwa nini. Mtu wa pwani angemwona Mgaya anacheka, akajua ni mchezo. Lakini mtu wa kwetu akimkuta mtani anacheka, anamvuta maiti, anavaa koti kinyume, hapo ndipo anaposadiki kwamba msiba upo. Kosmas aliona kila kitu mahali pake. Mwili, watani, mjane, jina langu. Akaja akanishika mguu akaniombea, na mimi nimebana pumzi. Dereva akapiga honi, akaondoka analia. Walimsikia anasema, "Mama Tadei nitamwambia nini?"

Na anao mzigo wangu. Alhamisi nilikuwa nimempa mwenyewe: kanga yako, kaptula ya Tadei, blanketi la mama, na lile koti langu la zamani nililosema kaka Gaudensi alipunguze alivae. Sasa fikiria anavyofika uani, amebeba nguo zangu. Atazikabidhi kama vitu vya marehemu, na koti liko juu kabisa.

Nilitoka kazini bila ruhusa. Mwalimu Hatibu akanipa baiskeli yake, nikaenda mpaka Muheza, nikaambiwa lori lilipita tangu juzi. Nikapanda gari moshi mpaka Korogwe, kwenye kambi wanapokusanywa wanaosafiri. Watu wa kusini walikuwa wameondoka alfajiri ile. Nimemwomba dereva mmoja anayekwenda Morogoro amtafute Kosmas amwambie, lakini alinitazama kama mlevi. Mtu anakuomba upeleke habari kwamba hajafa, na anaileta mwenyewe, amesimama mbele yako.

Nilifika mpaka dirishani posta nipige simu ya maandishi. Kisha nikarudi nyuma. Nimekumbuka kwetu, simu haijawahi kuleta neno jingine ila msiba. Mwalimu Benedikto, usiseme hapana: wewe ungeanza kulia kabla ya kufungua bahasha. Ndiyo maana naandika barua.

Tangu hapo nasafiri na Kosmas kichwani. Leo nasema yuko Morogoro, lori limeharibika, na namwombea kila gurudumu lipasuke. Kesho nitasema yuko Iringa. Halafu najilaumu, maana lorini kuna watu wengine wana haraka ya kuona watoto wao. Nikisikia honi barabarani natoka nje. Mashine ya brashi jana nusura inikate vidole, mnyapara akanifukuza nikapumzike, na kupumzika ndiko siwezi.

Nimeomba ruhusa nije, wamekataa. Mkataba wangu bado miezi mitatu. Hapa wenyewe wamegawanyika. Wale waliosema uchuro wananipita kimya kimya, wameona kauli yao imetimia. Wengine wanamiminika kwa Mwalimu Hatibu wanataka kuingia mchezoni, jana tu wamekuja zaidi ya thelathini, hata yule mzee wa Kimakonde, na kila mmoja anataka kuwa mtani. Nilipomwambia Mwalimu kwamba mimi silali tena, aliniomba kama mtu anayeomba maji. "Jumamosi ni shambani kwenu, Fidelisi. Ukikataa wewe, nani atatufia?" Nikamwambia sifi tena, hata kwa mchezo, mpaka nisikie mke wangu amenijibu. Akafikiri, akasema, "Basi uwe mgonjwa." Ugonjwa pia nimeukataa. Mwishowe tumeshindilia nyuzi za mkonge kwenye gunia, tukalilaza kitandani, tukalivika viatu vyangu. Linalala vizuri kabisa. Akili hiyo ingetujia wiki iliyopita, nisingekuwa naandika hivi.

Mama Tadei, kuna jambo jingine, na Mwalimu Benedikto alisome hivi hivi nilivyoliandika. Miaka minne nimekuwa huku, na barua nilizokuandikia hazijai kiganja. Nimekaa nikajiuliza, Kosmas akishasema, nyumba itakuwaje? Naogopa utalia ukaugua. Halafu naogopa kwamba hutalia sana. Nakuona kichwani umekaa na wanawake, umenyamaza, unasema moyoni kwamba mtu huyu alikwisha ondoka zamani. Na naona wivu. Namwona kaka Gaudensi amevaa koti langu, anaulizwa na wazee kama atakushika wewe na mtoto, na yeye ni mtu mwema, angekubali. Sijawahi kumwonea wivu mtu kama ninavyomwonea kaka yangu wiki hii, na yeye hajafanya lolote. Miezi mitatu ikiisha sitatia saini tena. Sikusema hivyo mwaka jana, ukanililia kwenye barua nikajifanya sikuelewa. Sasa nasema.

Nisalimie mama yangu. Mwambieni taratibu, na msitumie neno la kufufuka, atakimbilia kwa padre. Baba mkwe nampa shikamoo, na mama mkwe pia. Shangazi Rozalia, najua yeye ndiye anayeongoza vilio, mwambieni anyamaze, na pombe kama imeshapikwa waninywee tu. Shemeji Yohana aendelee kumwangalia yule mbuzi. Kaka Gaudensi nampa shikamoo ya mdogo mtu. Koti ni lake, nilimpa nikiwa hai. Kosmas msimtukane. Alisimama akaniombea wakati gari lake linaondoka, na si wote wangefanya hivyo. Tadei mwambie baba yake atakuja kumpima urefu mlangoni.

Limebaki moja. Nawajua watu wa kwetu. Kosmas amemshika maiti mguu, na mimi nina karatasi tu. Yupo atakayesema wenzangu wa kambini wameiandika kwa kukuonea huruma, na hayo yote ya mchezo ni hadithi ya kukupoza. Nimetafuta kitu cha kukuonyesha kwamba ni mimi, nimepata kimoja.

Theresia mke wangu, mkumbuke yule mtoto wetu wa kwanza, kabla ya Tadei, aliyekaa nasi siku mbili. Alilia siku zote mbili. Padre alikuwa safarini, hakubatizwa, na wazee wakasema hajatolewa nje, hana jina, azikwe hivyo hivyo. Lakini wewe ulikuwa umeshampa jina, lile neno ulilokuwa unamwambia umempakata, na ulinitajia mimi peke yangu. Ukaniuliza likiandikwa linakuwaje. Nikakuandikia kwenye majivu ya jikoni, herufi tano. Ukalifuata kwa kidole mpaka ukalijua, kisha ukalifuta. Hatukumwambia mtu, si mama, si padre. Najua ndilo neno pekee unaloweza kusoma.

Mwalimu Benedikto, kazi yako imekwisha, ahsante. Hilo lililoandikwa chini ya jina langu usilitamke. Mpe mwenyewe karatasi aishike.

Mimi mumeo,
Fidelisi

TULIA